Jibini, Twiga na Nyoka: Mume na Mke Wanapoanzisha Biashara Isiyozoeleka

Kati ya Waiyaki Way na Lower Kabete Road, mtaa wa Loresho umekaa baina ya kampasi mbili za Chuo Kikuu cha Nairobi. Upande mmoja iko Upper Kabete, wanakosomea watu kilimo na utabibu wa mifugo. Upande wa pili iko Lower Kabete, ambako chuo hichohicho hufundisha biashara. Katikati ni nyumba zenye ploti pana, ua uliokatwa vizuri, miti mikubwa na, mara nyingi, jiko linalozidi mahitaji ya familia. Mtu anayetafuta pa kuanzia biashara atapata hapa ardhi, maji na majirani wenye uwezo wa kununua, vyote karibu na geti lake.

Mume na mke wa mtaa kama huu wakiketi jioni kuulizana wafanye nini baada ya mmoja wao kustaafu au kupunguzwa kazini, majibu ya kwanza yanajulikana: kuku wa mayai, keki za harusi, vyumba vya wageni. Ni biashara nzuri, na wengi wamesomesha watoto kwazo. Lakini wapo wanandoa, hapa Nairobi na kwingineko Afrika Mashariki, waliochagua jambo ambalo majirani hawakulielewa. Wapo waliotengeneza jibini katika nchi ya chai ya maziwa. Wapo waliofungua nyumba ya sanaa mbali na katikati ya jiji, na waliomlea twiga uani. Wapo hata waliokamua nyoka sumu kwa riziki. Ukifuatilia walivyodumu, utaona kwamba ujasiri ulikuwa sehemu ndogo tu ya kazi. Kilichobaki kilikuwa subira ya fedha na kujua nani anafanya nini.

Hali ya jumla si ya kutia moyo, na ni vizuri kuisema mapema. Utafiti wa Shirika la Taifa la Takwimu wa mwaka 2016 ulikadiria kwamba Kenya ilikuwa na biashara ndogo na za kati zipatazo milioni 7.4, na kati ya hizo milioni 1.5 hivi tu ndizo zilizokuwa na leseni. Katika kipindi cha miaka mitano, biashara kama milioni 2.2 zilikuwa zimefungwa, na karibu nusu yake hazikumaliza hata mwaka wa kwanza. Hizo ni biashara za kila aina, nyingi zikiwa za kuuza vitu ambavyo kila mtu anavijua. Biashara ngeni ina mzigo wa ziada. Mwenye kibanda cha mboga hahitaji kumweleza mtu sukuma wiki ni nini. Mwenye kuuza kitu kisichojulikana huanza kwa kufundisha, na kufundisha hakulipwi.

Ukipanda Limuru Road ukapita Ruaka na Banana, unaingia Tigoni, nchi ya majani ya chai na ukungu wa asubuhi. Huko ndiko David na Sue Brown walikoanza kutengeneza jibini mwaka 1979, nyumbani kwao. Wakenya hawakuwa wageni wa maziwa. Wakalenjin wana mursik, Wamaasai wana maziwa yao ya kibuyu, na chai bila maziwa katika nyumba nyingi ni dalili ya uhaba. Jibini gumu la kukomazwa, hata hivyo, lilikuwa chakula cha hoteli, mabalozi na walowezi waliobaki. Soko lilikuwa jembamba.

Hesabu ya jibini inaeleza kwa nini biashara hii inataka watu wawili. Kilo 1 ya jibini gumu hula takriban lita 10 za maziwa. Mfugaji mwenye ng'ombe wawili au watatu hawezi kungoja malipo yake, kwa sababu naye ana duka anakodaiwa. Jibini lenyewe, kwa upande wake, halina haraka. Lile laini huuzwa baada ya siku chache, lakini lile gumu hukaa rafuni miezi likikomaa. Kwa hiyo fedha hutoka leo na kurudi msimu mwingine, na katikati hapo kuna mishahara, umeme wa vyumba vya baridi na karo za watoto. Tena maziwa yenyewe hayaaminiki bila kupimwa. Ng'ombe akidungwa dawa ya kuua vijidudu, mabaki yake yakiingia katika maziwa huua pia vile vijidudu vinavyogandisha na kukomaza jibini, na birika zima likaharibika. Mtengenezaji analazimika kumfundisha mfugaji kabla hajamfundisha mlaji.

Hapo ndipo saa zinapogongana. Maziwa hufika alfajiri na hayangoji. Meneja wa jiko la hoteli naye hupatikana mchana, na akikosa jibu huenda kwa muuzaji mwingine. Mtu mmoja hawezi kuwa na mikono ndani ya birika na sikio kwenye simu kwa miaka mingi bila kitu kimoja kuharibika. Wenzi wana nafasi ambayo washirika wa kawaida hawana: wanaweza kuzungumza habari za kazi usiku, wanaweza kuahirisha mshahara wao wenyewe pasipo mkutano, na mmoja akiugua mwingine anajua funguo ziko wapi.

Kampuni yao, Brown's, ilipita kizazi cha kwanza, jambo ambalo biashara nyingi za familia hushindwa. Leo inaendeshwa na Delia, binti wa waanzilishi, pamoja na mumewe Andy Stirling, yaani wanandoa wa pili katika kampuni hiyohiyo. Jikoni pamekuwa kiwanda, na aina za jibini zimeongezeka. Pengine hatua yao yenye busara kuliko zote ni ile ya kuwakaribisha wageni shambani Tigoni, waone jibini linavyotengenezwa, walionje, kisha wale chakula cha mchana. Kwa njia hiyo kazi ya kufundisha, ambayo hapo mwanzo ilikuwa gharama tupu, inalipiwa na mteja mwenyewe. Yeyote anayefikiria kuuza uyoga, asali ya nyuki wasiouma au mvinyo wa matunda kutoka Loresho angefaa kuutazama mpango huo kwa makini kuliko kutazama mashine.

Banana ni kituo cha kabla ya Tigoni, mji mdogo wa masoko na matatu. Shine Tani alikulia katika umaskini na aliwahi kujipatia riziki kwa sarakasi za mitaani. Mwaka 1992, pamoja na wachoraji wenzake ambao hawakupita chuo cha sanaa, alianzisha kikundi kilichojulikana kama Banana Hill Art Studio. Mkewe, Rahab, alijifunza kuchora akiwa ndani ya mazingira hayohayo ya rangi na turubai, akawa msanii kwa haki yake. Wawili hao wameendesha nyumba ya sanaa ya Banana Hill kwa miaka mingi, wakitundika kazi za Wakenya na za wasanii kutoka Uganda na Tanzania.

Nyumba ya sanaa ni biashara ya kungoja. Faida yake moja ni kwamba mwenye nyumba hahitaji kununua shehena: picha huletwa na wasanii, na zikiuzwa yeye huchukua sehemu ya bei. Hasara yake ni kwamba wiki inaweza kupita bila mnunuzi, huku taa zikiwaka. Katika miaka ya 1990 wanunuzi wengi walikuwa wageni, na wachoraji wa Banana Hill na Ngecha walitegemea sana Gallery Watatu iliyokuwa katikati ya jiji chini ya Ruth Schaffner. Wageni wakikosekana, kama ilivyotokea baada ya ghasia za uchaguzi za 2007 na 2008, baada ya shambulio la Westgate mwaka 2013, na tena wakati wa korona, ukuta uliojaa picha haulipi kodi. Wenzi ambao wote wawili ni wasanii wana kinga kidogo hapo, kwa maana siku isiyo na mgeni bado ni siku ya kuchora.

Mfano wa zamani zaidi ni Paa ya Paa, kituo cha sanaa kilichoanzishwa Nairobi mwaka 1965 na Elimo Njau, mchoraji aliyezaliwa Tanzania, pamoja na wenzake. Kwa miongo mingi Elimo na mkewe Phillda wamekiendesha huko Ridgeways, kando ya Kiambu Road. Mwaka 1997 moto uliteketeza sehemu kubwa ya kituo na kazi zilizokuwamo. Waliendelea, na hilo linastahili heshima kubwa. Ila tukio hilo linaonyesha hatari ambayo wanandoa huisahau kwa sababu wamezoea kuishi pamoja na kazi yao: nyumba, karakana na bidhaa vikiwa ndani ya ua mmoja, ajali moja huchukua makazi, riziki na akiba kwa saa chache. Bima ya nyumba ya kawaida aghalabu haigusi bidhaa za biashara zilizowekwa ndani yake, na mwenye karakana uani anapaswa kumuuliza wakala wake swali hilo waziwazi.

Upande wa pili wa jiji, Lang'ata, kuna nyumba ya mawe iliyojengwa mwaka 1932 ambayo imepitia mikononi mwa wanandoa zaidi ya mara moja. Jock Leslie-Melville, Mkenya mwenye asili ya Uingereza, na mkewe Betty, Mmarekani, waliinunua katika miaka ya 1970. Wakati huo twiga wa aina ya Rothschild walikuwa wamebaki kama 130 tu, katika ranchi ya Soy magharibi mwa Kenya, na ranchi hiyo ilikuwa inagawanywa mashamba. Mwaka 1974 walimchukua mtoto mmoja wa kike, wakampa jina Daisy, wakamlea kwao.

Wengi wangeishia hapo, kwenye mapenzi ya mnyama. Wao walikwenda mbali zaidi. Habari za Daisy ziliandikwa kitabu, kisha ikatengenezwa filamu. Mwaka 1979 walianzisha mfuko wa kuhifadhi wanyama walio hatarini, na kufikia 1983 walikuwa wamechangisha fedha za kutosha kufungua Kituo cha Twiga, ambako mpaka leo watoto wa shule hufika kulisha twiga kwa mkono na kujifunza. Jock alifariki mwaka 1984. Nyumba yenyewe iligeuzwa hoteli, ikaendeshwa na mtoto wa Betty na mkewe, na mwaka 2009 ikanunuliwa na Mikey na Tanya Carr-Hartley, mume na mke wengine tena. Leo Giraffe Manor ni miongoni mwa hoteli za Kenya zinazojulikana sana duniani.

Jambo la kuzingatia katika habari hii ni kwamba vitu viwili vilitenganishwa. Uhifadhi na elimu vilikaa chini ya mfuko usiotafuta faida, na vyumba vya wageni vikakaa chini ya biashara. Wanandoa wengi wenye wazo zuri huchanganya hisani na faida katika daftari moja, halafu hawajui mwishoni mwa mwaka kama walipata au walitoa. Kila upande ukiwa na daftari lake, mauzo ya hoteli hayawezi kuvuruga kazi ya kituo, na hoteli inaweza kumpokea mwenye mtaji mkubwa bila twiga kuuzwa pamoja nayo.

Watamu, pwani, ilipata wenzi wenye biashara ya kuogofya zaidi. James Ashe, mtaalamu wa nyoka aliyewahi kufanya kazi na hifadhi ya nyoka ya makumbusho jijini Nairobi, alianzisha pamoja na mkewe Sanda shamba la nyoka la Bio-Ken mwaka 1980. Mapato ya mahali kama hapo hutoka pembe kadhaa: viingilio vya wageni, mafunzo ya kushika nyoka na kutibu walioumwa, na sumu inayokamuliwa kwa ajili ya utafiti na kutengenezea dawa. Hakuna benki ambayo ingeona dhamana katika chumba chenye koboko na swila. Hata hivyo mahitaji yalikuwapo, maana katika mashamba ya pwani kuumwa na nyoka ni jambo la kila msimu, na zahanati nyingi hazina dawa. Shirika la Afya Duniani lilirudisha kuumwa na nyoka katika orodha ya magonjwa yaliyopuuzwa mwaka 2017, miaka 37 baada ya wawili hao kuanza.

James alifariki mwaka 2004. Miaka mitatu baadaye wanasayansi walimtambua swila mkubwa mtema mate wa pwani kuwa aina mpya, wakampa jina la kitaalamu Naja ashei kwa heshima yake. Shamba halikufungwa. Sanda alibaki nalo, akiwa na wafanyakazi waliofundishwa kazi, na Bio-Ken bado hupokea wageni na simu za watu walioona nyoka nyumbani. Kwa maoni ya makala haya, hicho ndicho kipimo cha haki cha biashara ya wawili: kama mmoja akiondoka, je, aliyebaki anajua kazi yote, au alikuwa msaidizi tu? Katika biashara ya kawaida mjane au mgane anaweza kuajiri mtu. Biashara ngeni haina watu wa kuajiri.

Tanzania ina mfano unaokaribia huo. Meserani, nje kidogo ya Arusha, familia ya Bale kutoka Afrika Kusini ilianzisha bustani ya nyoka mwaka 1993, ikaiunganisha na kambi ya wasafiri na zahanati inayowatibu walioumwa na nyoka, wengi wao Wamaasai wa maeneo ya jirani. Msafiri anayelipia hema anachangia dawa bila kuombwa.

Si kila safari hubaki ndogo, wala si kila safari huwa laini. Joseph na Tabitha Karanja walikuwa na biashara ya vifaa vya ujenzi Naivasha kabla ya kuanzisha Keroche mwaka 1997, wakitengeneza mvinyo wa bei nafuu kwa watu wa kipato kidogo. Kodi ya mvinyo wa aina hiyo ilipopandishwa mwaka 2007, walihamia bia, na mwaka 2008 wakatoa Summit, katika soko lililokuwa karibu lote mikononi mwa kampuni moja. Yaliyofuata ni miaka ya kesi za kodi. Mwaka 2020 Baraza la Rufaa za Kodi liliamua dhidi yao madai ya takriban shilingi bilioni 9.1, na mwaka 2022 kiwanda kilifungwa kwa muda juu ya deni la kodi. Kwa wenzi wanaoanza, somo la Keroche liko katika jambo moja: bidhaa isiyozoeleka mara nyingi haina kundi lake katika sheria ya kodi, na siku serikali inapoamua ni ya kundi gani, bei yake yote hubadilika. Ushauri wa mhasibu wakati wa kuanza ni nafuu kuliko wakili baada ya miaka kumi.

Loresho nayo ina masharti yake. Ploti nyingi zimepangwa kuwa za makazi. Karakana yenye kelele, duka la wazi au mgahawa uani huhitaji idhini ya kaunti ya kubadilisha matumizi ya ardhi, kulingana na Sheria ya Mipango ya Ardhi ya mwaka 2019, na majirani wana haki ya kupinga. Vyakula vya kuuzwa madukani huhitaji alama ya ubora ya Shirika la Viwango (KEBS). Maziwa huleta Bodi ya Maziwa mlangoni. Mnyama pori, awe nyoka au kobe, ni habari ya Shirika la Wanyamapori (KWS), na kumfuga bila kibali ni kosa la jinai. Vibali hivi huchukua muda, kwa hiyo ni vyema mmoja wa wawili apewe kazi ya ofisi kama kazi kamili, badala ya kuiona kuwa jambo la kufanywa mtu akipata nafasi.

Kuna karatasi nyingine ambayo wapendanao huona aibu kuizungumzia. Mume anasajili biashara kwa jina lake kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa na muda wa kwenda ofisini siku hiyo. Mke anapika, anapima, anafunga, anafuatilia madeni. Miaka kumi inapita, na katika daftari la serikali mke hayupo. Sheria ya Mali ya Ndoa ya mwaka 2013 inakubali kwamba mchango si fedha peke yake: kazi za nyumbani, malezi ya watoto na usimamizi wa biashara ya familia vyote huhesabiwa. Lakini mnamo Januari 2023 Mahakama ya Juu ilieleza kwamba usawa wa wanandoa uliomo katika Ibara ya 45 ya Katiba haumpi mtu nusu ya mali moja kwa moja, na kwamba kila mmoja lazima athibitishe alichochangia. Katika kesi hiyo mahakama iliridhika na ushahidi na kuacha mgao wa nusu kwa nusu. Asiye na ushahidi hana hakika ya kupata hivyo. Aidha, biashara ikishakuwa kampuni, mali ni ya kampuni, na wenzi wamebaki na hisa tu. Sheria ya Makampuni ya mwaka 2015 inaruhusu kampuni yenye mwenyehisa mmoja, kwa hiyo ni rahisi kabisa kwa jina moja kuachwa nje bila mtu yeyote kukusudia ubaya.

Kuandikishana si kutoaminiana. Wakopeshaji hutazama majina, mirathi hutazama majina, na mteja mkubwa anayetaka mkataba atauliza nani ana mamlaka ya kutia sahihi. Jina la biashara husajiliwa kupitia eCitizen, na usajili huo unapokea mmiliki zaidi ya mmoja. Wenzi wa Loresho, Kangemi au Banana mnaowazia jambo ambalo mtaa haujaliona, jazeni majina yote mawili, na muandike sehemu ya kila mmoja, kabla ya kununua birika la kwanza.